Kliniki ya mama na mtoto iwe siku moja

Ndugu Mhariri,



Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Katika daftari langu la mahudhurio, wasichana walewale hukosekana Jumanne na Alhamisi. Nilipouliza nikaambiwa kwamba katika zahanati moja ya huku Jumanne ni ya wajawazito, Alhamisi ni ya kupima watoto na chanjo. Mama mwenye mimba na mtoto mchanga huenda mara mbili, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Jumanne binti hubaki na mdogo wake, Alhamisi humsaidia mama kumbeba. Msimu wa kuchuma kahawa ukifika, mama huchagua safari moja tu, nayo ni ya mtoto aliyekwisha kuzaliwa. Mimba husubiri.

Utafiti wa taifa wa 2022 ulionyesha kuwa akina mama karibu 90 katika kila 100 walihudhuria kliniki ya wajawazito angalau mara moja, lakini waliofika mara nne au zaidi walikuwa 65 tu. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri mara nane. Anayekosa hukosa kupimwa shinikizo la damu, wingi wa damu, kaswende na VVU, na dawa ya kukinga malaria.

Wauguzi hawafanyi hivi kwa ukaidi. Chupa ya chanjo ya surua ikishafunguliwa hutupwa baada ya saa sita, kwa hiyo ni lazima watoto wakusanywe. Lakini chanjo ya pepopunda ya mjamzito hukaa hadi siku 28 ikihifadhiwa vizuri. Basi ni mjamzito anayeweza kuifuata siku ya watoto, bila hasara yoyote.

Wala kuunganisha si jambo geni. Tangu 2013, Serikali ilipoamua kila mjamzito mwenye VVU aanze dawa mara moja, dawa hizo hutolewa humohumo kliniki ya wajawazito.

Najua foleni itakuwa ndefu na muuguzi ni mmoja. Nawaomba wahusika wilayani siku hiyo wamwongezee mtu, hata mhudumu wa afya wa kijiji ashike mizani. Na tangazo la mlangoni libadilishwe kabla kahawa haijaiva.

Mwalimu wa Kijiji,
Kigonsera, Mbinga.