Psycho: Muvi Inayokufanya Uombee Gari Lizame

Wadau, kuna jamaa mmoja mwenye wafuasi kibao huko mitandaoni, jina namhifadhia. Kaandika kwamba Psycho ni muvi ya mababu, haina rangi, haina damu, haitishi mtu. Watu wakamshangilia. Mimi napinga, na sababu ninazo.

Psycho ilitoka 1960, mwongozaji ni Alfred Hitchcock. Stori kwa ufupi: Marion, sekretari wa kule Phoenix, Marekani, anapewa dola 40,000 azipeleke benki. Anatoroka nazo. Usiku mvua kubwa inamkuta njiani, anaona taa za gesti, anaingia. Mwenye gesti ni kijana mpole, Norman, anayesema anaishi na mama yake kwenye nyumba ya kule juu kilimani.

Sasa sisi wa vibanda umiza tuna sheria yetu moja: steringi hafi. Hitchcock kaivunja. Muvi haijafika hata nusu, Marion anachomwa visu bafuni. Janet Leigh, staa mkubwa kabisa, ndiyo basi tena. Kuanzia hapo huna pa kushika. Kama steringi kafa, nani yuko salama?

Na hiyo damu inayotiririka bafuni ni rojo la chokoleti. Kisu chenyewe karibu hukioni kikiingia mwilini. Unachopewa ni vipande vifupi vifupi vya picha na vayolini zinazopiga mayowe. Mengine unayamalizia mwenyewe kichwani, na kichwa chako hakina huruma.

Ukiangalia huku unachati, alama zote zinakupita. Kabla Marion hajaiba, sidiria yake ni nyeupe. Akishaamua, ni nyeusi. Chumba cha Norman nyuma ya mapokezi kimejaa ndege waliokufa, wamejazwa vitu ndani wasimame kama wazima, na bundi kakunjua mabawa juu ukutani. Marion anakaa chini yao anakula mkate. Na ubini wake ni Crane, yaani korongo. Ndege kaingia mwenyewe kwenye chumba cha mtu anayekausha ndege! Muvi imeshakuambia, ila hujasikia.

Lakini kinachonitisha mimi ni tukio la gari. Norman anadeki bafu, anaupakia mwili kwenye buti, analisukuma gari kwenye kinamasi. Linazama taratibu, halafu ghafla linagoma. Norman anaangaza huku na huku. Na wewe, uliyekuwa unamuonea huruma Marion dakika chache tu zilizopita, unajikuta unasema moyoni, zama basi! Likizama, unashusha pumzi.

Jiulize, umeshusha pumzi kwa ajili ya nani?

Hofu yenyewe iko hapo. Hakuna jini wala zimwi. Ni kugundua jinsi ilivyo rahisi kuhamia upande wa mtu kisa tu ni mpole, anaongea vizuri, na umekaa naye kidogo. Mtaani si ndiyo zetu? Binti anasema kafanyiwa ubaya, majirani wanajibu, "Yule kaka? Haiwezekani, mbona anasalimia kila mtu!" Tayari tumeshasaidia kulisukuma gari kwenye matope. Halafu tunaenda kulala.

Muvi ya damu ukiizima imeisha. Hii unaizima, inaendelea na wewe.

Hitchcock enzi hizo alikataza watu kuingia ukumbini muvi ikishaanza, na alikuwa sahihi. Kwa hiyo weka simu mbali, zima taa, anza mwanzo kabisa. Kuhusu huyo mama wa kilimani mimi nanyamaza, na atakayemwaga mwisho wake hapo chini namfuta bila kumuonea aibu.

Nawe uliyeiona, sema ukweli: gari lilipogoma, uliomba lizame au libaki juu?