Serveri ni ya kampuni, lakini majina ni yetu

Tangu tarehe 2 Oktoba 2025, programu inayoitwa ESXi 7 haitunzwe tena kwa kawaida na mwenyewe, kampuni Broadcom ya Marekani. Ni programu ambayo makampuni mengi sana ya dunia yameiweka ndani ya serveri zao. Kuanzia siku ile, kama mulango mupya wa wezi unaonekana ndani yake, mwenyewe hana tena lazima ya kuufunga. Wengi watasema: hiyo ni mambo ya bainjinia ba Kinshasa, sisi watu wa Mangobo inatuangalia nini? Sisi tunasema inatuangalia, tena sana.

Tueleze kwanza kitu chenyewe. Zamani kila kazi ya ofisi ilikuwa na ordinatere yake: moja ya mishahara, moja ya stoki, moja ya barua. Leo kampuni inanunua mashini mbili ao tatu za nguvu, inaweka ndani programu ya kuzigawanya, na mashini moja inatumika kama kumi. Kila moja kati ya hizo kumi inajiona iko peke yake. Ni kama lupango moja ya Mangobo yenye wapangaji sita. Kila mutu ana chumba chake na funguo yake, lakini waya wa SNEL ni mumoja, na mulango wa inje ni mumoja. Ile programu ya kugawanya njo mulango wa inje. Mwizi akiupita, hana haja ya kubomoa chumba kimoja kimoja: ameisha kuingia kwa wote.

Ndani ya vyumba hivyo kuko nini? Kuko sisi. Kuko listi ya mishahara ya mutumishi wa kampuni, na siku zake za kazi zinazohesabiwa kwa ajili ya pensheni. Kuko konti ya banki. Kuko feza ambayo muchimbaji wa Bafwasende ao wa Banalia anatumia mama watoto kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, ili mtoto asifukuzwe kwenye masomo. Kuko hesabu ya comptoir: nani alileta jiwe, karati ngapi, bei gani. Na kule Kinshasa, Cadastre Minier inachunga kitabu cha carrés zote za madini za inchi hii, jinsi Kode ya Madini ya 2002, iliyogeuzwa 2018, inavyoomba. Muchimbaji anaweza kusema hajagusa ordinatere hata siku moja. Ni kweli. Lakini jina lake linalala ndani ya ordinatere kila usiku.

Na hapa Kisangani hakuna mutu wa kutufundisha uzito wa jina kwenye listi. Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya La Haye iliamua kwamba Uganda italipa Kongo milioni 325 za dola juu ya vita. Tangu hapo, kila familia iliyofiwa ao kupoteza nyumba inajua swali ni moja tu: jina lako liko, ao haliko? Listi ikipotea, kidonda kinafunguka mara ya pili.

Hatari hii si hadisi. Mwanzo wa Februari 2023, wezi walishambulia kwa siku chache serveri zaidi ya 3.000 katika inchi mbalimbali, nyingi zikiwa Ufaransa. Wote walipita kwenye programu hii hii ya kugawanya mashini, zile za zamani zisizofanywa upya. Walifunga mafaili ya wenyewe kwa funguo yao, kisha wakaomba malipo kwa bitcoin. Tarehe 3 Februari, CERT-FR, ofisi ya Ufaransa inayochunga mambo hayo, ilipiga kengele. Lakini angalia jambo lenyewe: dawa ya ule mulango ilikuwa imetolewa tangu Februari 2021. Karibu miaka mbili dawa ilikuwa kwenye meza, bure kwa kila mwenye kununua programu, na wenye mashini hawakuimeza.

Kwa nini hawakuimeza? Sababu zao tunazijua, juu hata hapa kwetu tunazisikia kila siku.

Ya kwanza: «Inatembea, usiiguse.» Muchimbaji anajua jibu la neno hilo. Miti inayoshikilia shimo nayo inasimama muzuri, mpaka siku inaanguka. PDG wa shimo mwenye akili habadilishe miti kisha watu kufa. Anabadilisha wakati bado inasimama.

Ya pili: «Bei imepanda.» Hapa wakubwa wa makampuni hawadanganyi. Broadcom ilimaliza kununua VMware, yenye kutengeneza programu hiyo, tarehe 22 Novemba 2023. Katika mwezi uliofuata ikaacha kuuza programu ya kununua mara moja na kubaki nayo. Sasa ni kulipa tena na tena, kama kodi ya nyumba. Hata kampuni kubwa ya simu ya Marekani, AT&T, iliipeleka kwenye tribinali mu 2024 juu ya mambo hayo. Lakini bei ya juu si ruhusa ya kulala. Kuko programu zingine zinazofanya kazi hiyo, ambazo mutu anaweza kuzichukua bila kulipa ruhusa: Proxmox ya kule Autriche, XCP-ng ya Wafaransa wa Grenoble. Zinaomba akili na mafundisho kuliko feza. Na vijana wenye kujifunza mambo ya ordinatere hapa Kisangani hawakosekani, wapewe kazi.

Ya tatu: «Moto wa SNEL hauaminike.» Hii sisi wenyewe tunaitia muhuri. Kituo cha Tshopo kina mashini tatu, na kila mutu wa Boyoma anajua maisha yanakuwaje wakati hazitembee zote. Kukatika kwa moto katikati ya kufanya upya serveri kunaweza kuiua kabisa. Lakini njo sababu kazi hiyo inaandaliwa: ondulere zenye betri nzima, grupu yenye mafuta, na saa iliyochaguliwa. Moto mubaya unaomba maandalizi. Hauombe kukaa bure.

Kazi yenyewe ina mustari wake, na mufanyakazi yeyote anaweza kumuuliza mukubwa wake kama umefuatwa. Kwanza, kuandika mashini zote na programu zote zilizo ndani. Pili, kuweka kopi ya kila kitu, ingine mbali na jengo, na kujaribu kuifungua. Kopi ambayo haijajaribiwa hata siku moja si kopi, ni matumaini. Tatu, kuangalia kama mashini ni za umri gani, juu programu mupya inakataa mashini zingine za zamani. Nne, kutoruka ngazi: mwenye ESXi 6.5 hawezi kupanda moja kwa moja mpaka 8, lazima apite kwanza katikati. Tano, kuhamisha kazi za serveri moja kwa jirani yake, kuifanya upya, kuijaribu, kisha ndiyo kugusa ya pili. Mwenye serveri moja tu, huyo lazima afunge kazi yote kwa saa chache. Basi, atuambie mbele.

Na hapo njo kilio chetu kikubwa. Mara ngapi mama anatoka Mangobo kwa toleka mpaka Makiso, anafika kwenye dirisha, anaambiwa tu: «Sisteme haiko, mama, urudi kesho»? Kesho naye ana franka ya toleka? Kama ni kazi iliyopangwa, kuiandika kwenye mulango siku tatu mbele, kuisema kwenye redio kwa Kiswahili na Lingala, haiombe hata dola moja. Kama ni pane, tuambiwe ni pane. Watu wanavumilia ukweli. Kinachowachokesha ni kurudishwa nyumbani bila neno.

Sisi hatuombe miujiza. Tunaomba vitu vitatu kwa kila kampuni, banki, comptoir na koperative yenye kuchunga majina na feza za watu wa madini. Moja, watangaze nani hasa anachunga serveri zao, na ni lini zilifanywa upya mara ya mwisho. Mbili, kazi ya kufanya upya isiwekwe siku ya mushahara wala mwanzo wa masomo, na gharama yake isikatwe kwa siri kwenye bei ya jiwe la muchimbaji. Tatu, serkali itumikishe Kode ya Numeriki ya tarehe 13 Machi 2023, yenye kulinda habari za mutu. Sheria ipo, inaomba mukono.

Kwa upande wetu, familia, tusitupe karatasi. Kila kartasi ya mauzo, kila bilteni ya mushahara, karti ya muchimbaji, mesaji ya M-Pesa: mutu aviweke pamoja, avipige foto, na foto ingine ikae kwenye telefone ya ndugu. Mu Machi 2019, kampuni Norsk Hydro ya Norwei, yenye wafanyakazi 35.000, ilishambuliwa na wezi wa namna hiyo. Ilikataa kuwalipa. Iliweza kusimama juu ilikuwa na kopi zake, na juu wafanyakazi walirudilia kazi ya mukono, kwa karatasi na kalamu, mpaka ordinatere zikarudi. Kama tajiri wa namna ile aliokolewa na karatasi, sisi tutaidharau kwa nini?

Mashini ni mali ya kampuni, na kampuni ina haki ya kuchagua programu inayoipenda. Lakini jasho lililoandikwa ndani ni la mutu wa Mangobo. Mwenye kuchunga kitu cha mwenzake hangoje mwizi ndipo atafute kufuli. Mulango wa inje unajulikana, dawa yake inajulikana, na tarehe imeisha kupita. Wakubwa, mutujibu: kwenu imefanywa, ao bado?