Kupe wakigoma kufa, usiongeze sumu

Mvua zikinyesha wiki mbili tatu, masikio ya ndama hujaa kupe. Katika maboma mengi ya Tarime na Serengeti pampu ya mgongoni hutolewa, dawa ikachanganywa, ng'ombe wakaogeshwa. Siku ya tatu kupe bado wapo, tena wamenenepa. Mfugaji anayejua ndigana kali inavyomaliza ndama hawezi kutulia. Anaongeza kipimo. Ikishindikana, anatia na dawa ya pamba au ya nyanya.

Hapo hatari inaigeukia familia. Mshika pampu huwa kijana wa shule, peku, bila glovu. Jioni mama anamkamua ng'ombe yuleyule, na chupa tupu inasuuzwa ikatiwa mafuta ya kula.

Kupe hao hawajakosa sumu kali. Dawa ya aina moja ikitumika miaka mingi, wachache wanaoihimili hubaki, na jike mmoja hutaga mayai kwa maelfu. Dawa iliyozimuliwa mno, au kuogesha mgongo tu na kuacha masikio na chini ya mkia, huwapa nafasi zaidi. Afrika Kusini kupe wa bluu walishinda dawa ya aseniki tangu mwishoni mwa miaka ya 1930. Kusini magharibi mwa Uganda wapo wasiouawa na zaidi ya aina moja ya dawa.

Wengi hudhani wamebadilisha dawa kumbe wamebadilisha kopo. Soma maandishi madogo. Majina yote yanayoishia na "thrin" ni ukoo mmoja. Kutoka moja kwenda jingine ni kupoteza fedha. Amitrazi ni ukoo mwingine. Lakini kubadili kila wiki nako hakufai. Kwanza hakikisha kipimo na maji vilikuwa sahihi, kisha umwone afisa mifugo. Kupe wanaweza kupelekwa Maabara ya Veterinari, ambayo ina kituo Mwanza. Ipo pia chanjo ya ndigana kali, ingawa haizuii ndigana baridi wala mkojo mwekundu, kwa hiyo kuogesha kunaendelea.

Nyumbani, anayenyunyizia awe mtu mzima mwenye buti, glovu na nguo za mikono mirefu, asimame upepo unakotoka. Kopo linaeleza maziwa yasitumike kwa siku ngapi. Kama halielezi, uliza kabla ya kununua. Masalia yasimwagwe Mto Mara wala kijitoni, kwani dawa za "thrin" huua samaki hata zikiwa kidogo.

Mtu akianza kutokwa mate na jasho jingi, kutapika, kusinzia au kupumua kwa shida, mvue nguo, muoshe kwa sabuni na maji mengi. Usimtapishe. Kumnywesha maziwa, ambako bado kunapendwa sana, hakuondoi sumu. Mkimbize hospitali pamoja na kopo lenyewe, kwa sababu tiba hutegemea aina ya dawa.