Kopo Hilo Usilifungue Kwanza

Mtu akianza tibakemikali, habari husambaa na makopo hufuata. Shangazi analeta unga wa mlonge. Jirani analeta vidonge vya manjano. Yule anayeuza virutubisho kwa simu anatuma picha za waliopona na kusema wiki hii kuna punguzo. Wote wanamtakia mgonjwa heri, huyo wa mwisho akijitakia na yeye kidogo.

Usilifungue kopo.

Sisemi mlonge ni sumu. Mlonge ni mboga, na mboga ya kwenye sahani haina ugomvi na dripu. Hatari iko kwenye dozi: kidonge cha kopo kinaweza kubeba kiasi ambacho jikoni usingekimaliza kwa siku nyingi. Na hatari iko kwenye siri: mgonjwa anameza, daktari hajui.

Dozi na siri. Hayo mawili ndiyo yanayoumiza watu.

Dawa nyingi za saratani hupimwa kwa urefu na uzito wa mgonjwa, kwa sababu nafasi kati ya dozi inayoua saratani na dozi inayomuumiza mwenye nayo ni finyu. Nyingi huvunjwavunjwa na ini. Kitu kinacholichelewesha ini huifanya dawa ijazane kwenye damu. Balungi hufanya hivyo kwa dawa kadhaa, vikiwemo baadhi ya vidonge vya saratani. Kitu kinacholiharakisha huiondoa dawa kabla haijafanya kazi. Mwaka 2002 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya wagonjwa watano waliopewa irinotecan huku wakimeza mmea uitwao St John's wort, unaouzwa Ulaya kama dawa ya huzuni. Kiini cha irinotecan kinachopambana na saratani kilishuka mwilini kwa asilimia 42. Dripu iliingia yote. Dawa haikubaki yote.

Waambieni hilo wanaosema cha asili hakidhuru.

Kwetu, lakini, kinachonitia hofu zaidi kinatoka duka la dawa la mtaani, na kinaitwa vidonge vya damu.

Inaanza hivi. Mgonjwa anafika kliniki kwa mzunguko wa tatu. Anapimwa. Anaambiwa damu iko chini, arudi wiki ijayo. Familia inasikia upungufu wa damu, na kila nyumba ina tiba yake: juisi ya bitiruti, rozela, maji ya majani ya matembele, vidonge vya madini chuma na foliki asidi. Kumbe mara nyingi kilichoshuka ni chembe nyeupe, zile zinazopigana na vijidudu. Bitiruti haizipandishi. Rozela haizipandishi. Hupanda mwili ukipumzishwa, na daktari akiona lazima, kwa sindano maalumu. (Tena anayepewa doxorubicin, ile dawa nyekundu, hukojoa mkojo mwekundu siku moja au mbili hata bila bitiruti. Akichanganya vyote viwili, siku damu ya kweli ikitoka hataitambua.)

Foliki asidi kwa mama mjamzito ni kinga. Kwa anayemeza capecitabine au kupewa fluorouracil, dawa zinazotumika sana kwa saratani ya utumbo mpana, inaweza kuzidisha makali ya dawa hadi mdomo ujae vidonda na mgonjwa aharishe mpaka akaukiwe maji. Wapo wanaopewa foliki asidi kwa makusudi, kama wale wa pemetrexed. Hao wameandikiwa. Usijiandikie.

Utafiti mmoja wa Marekani uliwahoji wanawake 1,134 wenye saratani ya matiti kuhusu virutubisho walivyotumia. Waliomeza vitamini B12 kabla ya tiba na wakati wa tiba walirudiwa na saratani zaidi ya wasioimeza, na madini chuma nayo yalionyesha dalili ya namna hiyo. Utafiti wa aina hii hauthibitishi kwamba kidonge ndicho kilichosababisha. Unatosha kukufanya usimeze bila kuuliza.

Mwingine, wa mwaka 2013, ulikuwa wa majaribio kamili. Wanawake 409 waligawanywa: nusu wakapewa kirutubisho kiitwacho acetyl-L-carnitine ili kuzuia ganzi ya mikono na miguu inayoletwa na dawa, nusu wakapewa vidonge visivyo na kitu. Baada ya wiki 24 waliopewa kirutubisho walikuwa na ganzi zaidi. Kilicholetwa kuzuia ganzi kiliongeza ganzi.

Sasa homa.

Joto likifika nyuzi 38 katika wiki zinazofuata dripu, ni dharura. Saa hiyo hiyo, iwe usiku au mchana. Tuna mazoea yetu: homa ni malaria, tunanunua dawa mseto, tunameza panadol, tunasubiri kukuche. Panadol inashusha joto, vijidudu vinaendelea. Mwenye chembe nyeupe chache anaweza asiifikie asubuhi. Malaria ipimwe, ndiyo, lakini ipimwe hospitali, na ukifika mapokezi neno la kwanza liwe: niko kwenye tibakemikali. Fedha ya kopo inunue kipimajoto.

Mgonjwa ale nini, basi? Ale.

Kuna maneno yanazunguka kwamba sukari hulisha saratani, hivyo mgonjwa ananyimwa uji, wali, ndizi, hata embe. Anakonda. Akikonda sana dozi inapunguzwa, au mzunguko unaahirishwa, na saratani inapata nafasi. Miongozo ya lishe ya wagonjwa wa saratani inataka protini gramu 1 hadi 1.5 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mwenye kilo 60 anahitaji angalau gramu 60. Yai moja lina kama 6, glasi ya maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15. Mlo mkubwa ukimshinda, apewe kidogo kidogo mara nyingi. Mayai yaive, maziwa yachemshwe, matunda na kachumbari vioshwe kwa maji salama, na juisi ya barabarani yenye barafu ya kusagwa iachwe kwa sasa.

Tangawizi nina neno zuri nayo. Katika jaribio la wagonjwa 576 lililochapishwa mwaka 2012, kiasi kidogo, nusu gramu hadi gramu moja kwa siku, kilipunguza kichefuchefu. Lakini wote walikuwa wakitumia pia dawa za hospitali za kuzuia kutapika, na hizo humezwa kwa saa zilizoandikwa, bila kungoja utapike. Vidonda vya mdomo: sukutua kwa maji ya chumvi, pilipili na ndimu zipumzike. Kuhara: ORS, na simu kwa kliniki. Shubiri usiiguse, yenyewe huharisha.

Kama umeshaanza kutumia kopo, simama leo. Usiache ulichoandikiwa na daktari; acha ulichojiongezea. Kisha weka kila kitu kwenye mfuko mmoja, unga, vidonge, chupa isiyo na lebo, mizizi ya babu, uende nao kliniki kabla ya dripu inayofuata. Usieleze kwa kukumbuka. Onyesha. Kama hutaki kubeba, piga picha lebo pande zote.

Na nyinyi wauguzi na madaktari, mgonjwa anaficha kopo kwa sababu mara ya mwisho alifokewa. Muulizeni kabla ya kila mzunguko, kwa sauti ya kawaida: "Mama, nyumbani unatumia nini kingine?" Akijibu, andikeni kwenye faili, ili atakayekuwa zamu wiki ijayo alione kabla hajatundika dripu.