Binti anasoma historia ya Mayahudi: tumzuie?



Barua ya wiki hii imetoka Makambako. Mama mmoja anaeleza kwamba binti yake yumo mwaka wa pili wa chuo kikuu, katika taaluma za dini, na sasa ameazimia kuandika utafiti wake wa mwisho juu ya historia, utamaduni na dini ya Mayahudi. Baba yake, ambaye hununua viazi Njombe na kuviuza kwa wenye malori pale njia panda ya Makambako, ameapa kutotoa tena ada mpaka mada hiyo ibadilishwe. Shangazi aliyeko Njombe amekwisha kutamka kwamba mtoto atapotea. Mama anauliza mambo mawili. Je, ni dhambi? Na kama si dhambi, elimu hiyo ina manufaa gani kwa watu wa nyanda hizi, ambao hata Myahudi mmoja hawajapata kumwona?

Tuanze na la kwanza. Wamepokea Abu Daud na Tirmidhi kwamba Mtume (s.a.w.) alimwamuru Zaid bin Thabit (r.a.), aliyekuwa bado kijana, ajifunze maandishi ya Mayahudi, ili amsomee barua zitokazo kwao na kuwaandikia majibu. Zaid aliyamudu kwa muda wa nusu mwezi hivi. Zaid huyo huyo ndiye ambaye baadaye Abubakar (r.a.) alimkabidhi kazi ya kuikusanya Qur'ani. Laiti kujifunza ya Mayahudi kungekuwa ndiko kupotea, asingeaminiwa amana nzito kama hiyo. Wanazuoni waliofuata nao hawakuogopa. Shahrastani, aliyefariki mwaka 1153, aliandika kitabu kizima kueleza dini na madhehebu za watu, Mayahudi wakiwemo. Kuijua dini ya mtu si kuifuata.

Sasa manufaa. La kwanza ni kwamba Mwislamu hujizidishia ufahamu wa dini yake mwenyewe. Hakuna Nabii anayetajwa katika Qur'ani mara nyingi kuliko Musa (a.s.). Funga ya Ashura tunaisimulia pamoja na habari za Mayahudi wa Madina. Kutahiri, kujiepusha na nguruwe, uangalifu katika kuchinja: yote hayo binti atayakuta kwao, na ataona pale tunapokutana na pale tunapoachana.

Zingatieni mfano huu. Katika Fustat, nchini Misri, sinagogi la Ben Ezra lilikuwa na chumba cha kuwekea karatasi zilizochakaa, kwa kuwa Mayahudi hawatupi ovyo maandishi yenye jina la Mungu. Mzazi aliyewaona watoto wa madrasa wakiziokota kurasa za juzuu zilizochanika ataielewa desturi hiyo bila kufundishwa. Mwishoni mwa mwaka 1896 mwanazuoni Solomon Schechter alifunga safari kwenda Cairo, na sehemu kubwa ya hazina hiyo ikahamishiwa Chuo Kikuu cha Cambridge, ambako leo vimehifadhiwa vipande zaidi ya 190,000. Humo mna barua za wafanyabiashara wa Kiyahudi waliosafiri baina ya Misri, Aden na India, katika bahari hii hii iliyoleta majahazi Kilwa. Nyingi zimeandikwa kwa lugha ya Kiarabu, ila kwa herufi za Kiebrania. Basi binti atakayezama katika elimu hii hatakikwepa Kiarabu, kitamlazimu.

Manufaa ya pili ni kuzoea ukweli, hata ule usiotupendeza. Musa bin Maimun, mwanachuoni mkubwa wa Kiyahudi na tabibu, alizaliwa Cordoba katika karne ya 12. Aila yake iliuacha mji huo baada ya watawala wa Muwahhidun, Waislamu, kuwabana wasiokuwa Waislamu. Na huyo huyo alipofika Misri alipata heshima, akawa tabibu katika utawala wa Salahuddin, na alifariki mwaka 1204. Dhuluma ilitoka kwa Waislamu, na hifadhi ilitoka kwa Waislamu. Anayesoma historia kwa uadilifu hana budi kuyabeba yote mawili.

Ama kwamba Mayahudi wako mbali nasi, hilo nalo lina marekebisho. Nairobi kuna sinagogi tangu zama za ukoloni. Karibu na Mbale, mashariki ya Uganda, wapo Abayudaya, Waafrika waliomfuata Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyeingia dini ya Kiyahudi mwaka 1919. Wakati wa Idi Amin ibada yao ilipigwa marufuku. Mwaka 2008 mmoja wao, Gershom Sizomu, alihitimu urabi huko Los Angeles, akarejea kuwatumikia watu wake. Mbale hiyo hiyo ndiyo yenye Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda, kilichofunguliwa mwaka 1988. Na mwaka 2004 wakulima wa kahawa wa eneo hilo, Mayahudi, Waislamu na Wakristo, waliunda ushirika wakauita Mirembe Kawomera, yaani amani tamu.

Manufaa ya tatu yanagusa Njombe moja kwa moja. Huko Waislamu ni wachache, na majirani wengi ni Walutheri na Wakatoliki, ambao sehemu ya kwanza ya Biblia yao imetokana na vitabu vya Mayahudi. Utamsikia jirani akidhani kwamba dola ya leo ya Israeli ndiyo ile ile ya zama za Manabii, na lolote ifanyalo ni halali. Utamsikia na kijana wetu, kwa uchungu wa Gaza, akimlaani kila Myahudi aliyepata kuzaliwa. Wote wawili wamechanganya dini, watu na dola. Dola hiyo iliundwa mwaka 1948. Wapo Mayahudi wanaozipinga siasa zake, na miongoni mwa raia wake wamo Waislamu.

Mwenye elimu ataweza pia kueleza kwamba mwaka 1903 serikali ya Uingereza iliwapendekezea Wazayuni ardhi ya Uasin Gishu, iliyo katika Kenya ya leo, ingawa mpango huo huitwa wa Uganda. Ardhi ya Waafrika ikajadiliwa London na Basel, mpaka mkutano wao ulipoikataa mwaka 1905. Ataeleza vilevile kwamba Wanazi wa Ujerumani waliwaua Mayahudi wapatao milioni 6, na kwamba anayelikanusha hilo hamsaidii Mpalestina hata mmoja. Haki ya Wapalestina haihitaji uongo ili isimame.

Kwako baba: hofu yako haipuuzwi, kwani ada ni jasho lako na imani ya mtoto ni amana yako. Lakini kumkatia ada hakutamlinda. Kutamfanya asome kwa siri, mbali na macho yako. Mwekee masharti ya mzazi. Adumu katika sala. Kila muhula asome pia waliyoyaandika wanazuoni wetu juu ya mada yake, na penye utata awaulize masheikh. Akiandika juu ya itikadi ya Mayahudi, aichukue katika vitabu vyao wenyewe, si katika midomo ya mahasimu wao, kama nasi tunavyotaka wengine watutendee. Na kwa kuwa ajira ni ngumu, aongeze lugha, Kiarabu mbele na Kiebrania baadaye. Zitamfaa katika ualimu na katika kuhifadhi nyaraka.

Kwako mama: akirudi likizo, muombe awaeleze nyumbani, baba na shangazi wakiwepo, ni lipi alilojifunza. Wamuulize maswali magumu, naye ajibu kwa adabu. Huenda shangazi akabaki na msimamo wake, lakini atakuwa amelisikia jambo lenyewe kabla ya kulihukumu.

Wabillahi tawfiq.