Kigoda si Stuli

Pita katika karakana za samani zilizopangana kando ya barabara ya kuja kwetu Segerea, umwambie fundi kwamba wataka kigoda. Huenda akakuuliza, "Unamaanisha stuli?" Fundi hana kosa, yeye hukiita kitu kwa jina ambalo wateja wamemzoeza. Wenye la kujibu ni sisi tunaojinasibu kuwa watunzi na wapenzi wa lugha, maana ndio wateja wenyewe. Hoja yangu ni hii: anayechagua cha kukalia nyumbani huchagua pia neno litakalosemwa nyumbani humo. Kamusi hulihifadhi jina la chombo, lakini jina hilo huishi pale chombo chenyewe kinapotumika.

Tuanze na heshima ambayo Kiswahili kimeyapa makalio ya watu wake. Neno kiti limetoka katika shina lile lile la mti. Kijiwe, pale watu wanapokutana kunywa kahawa na kupiga soga, ni jiwe dogo kwa asili yake. Baraza ni pa kukaa mbele ya nyumba, nalo likapanda likawa Baraza la Mawaziri. Mwenye kiti akawa mwenyekiti. Kigoda nacho hakikubaki nyuma: tangu mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha Taaluma za Umajumui wa Afrika, ambacho Profesa Issa Shivji alikuwa wa kwanza kukikalia. Ng'ambo ya ziwa, mji wa Entebbe umechukua jina lake katika neno la Kiganda lenye maana ya kiti. Na mwaka 1900 Waashanti wa Ghana walipigana na Waingereza baada ya gavana kudai apewe Kigoda chao cha Dhahabu akikalie. Basi asituambie mtu kwamba kigoda ni kitu kidogo. Ajabu iliyopo ni kwamba neno hili limepanda hadi chuo kikuu katika kipindi kile kile linachotoka jikoni.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Wauzaji wa samani hutaja makundi matatu, na Kiswahili kina maneno yake kwa yote matatu: cha kale, cha zamani na cha kisasa. Tusiyachanganye mawili ya mwanzo. Kale ni enzi ambayo hakuna aliye hai anayeikumbuka. Ndiyo maana twasema watu wa kale na mambo ya kale. Zamani yaweza kuwa ndani ya umri wetu: shule yangu ya zamani, jirani yetu wa zamani. Kigoda cha babu wa babu ni cha kale. Alichokikalia mama akikuna nazi ni cha zamani.

Cha kale sikushauri ukitafute. Kiti cha enzi cha Waswahili wa pwani, chenye mgongo mrefu na nakshi za pembe, na vigoda vya watemi wa Unyamwezi vilivyochongwa kwa mgongo wenye umbo la mtu, ni urithi wa watu wengi kuliko sebule moja. Vingine vilikwisha kwenda Ulaya tangu enzi ya Wajerumani. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliwekwa ili mali ya namna hii isiendelee kutoka nchini kiholela. Isitoshe, vingi vinavyouzwa kwa jina la kale vilichongwa juzi, vikapakwa rangi ya viatu ili vipate weusi wa uzee. Ukivipenda, vinunue kwa bei ya kazi ya juzi, na umsifu mchongaji aliye hai.

Cha zamani ndicho kinachonishughulisha, kwa sababu hapa ndipo lugha inapovuja. Tazama kibao cha mbuzi: mbao mbili zilizopishanishwa zikakunjuka kama marfaa ya msahafu, na ulimi wa chuma wenye meno mbele. Ni kiti na ni chombo cha kazi kwa pamoja. Kilitufunza hata sarufi bila mwalimu: mbuzi amevunjika mguu ni habari ya zizini, mbuzi imevunjika mguu ni habari ya jikoni. Siku hizi nazi hukunwa kwa mashine sokoni, na tui hununuliwa kwenye pakiti. Mtoto asiyewahi kuiona mbuzi ya nazi atawezaje kucheka kitendawili chake? Kadhalika kigoda cha chini kilikuwa mwenzi wa jiko la mkaa; jiko la gesi lilipopanda juu ya meza, mpishi akasimama, na kigoda kikakosa kazi.

Hakijakosa kazi zote, hata hivyo. Nyumba zetu za kupanga bado zina ua, na uani bado tunafua, tunaosha vyombo, tunasuka nywele na kuchambua mchele. Kwa kazi hizo hakuna kiti kinachoshinda kigoda kisichozidi shubiri mbili kwa kimo. Ukiweza, chagua cha miguu mitatu kilichochongwa katika gogo moja, kama wanavyochonga Wagogo na Wahehe. Kigoda hicho hakina kiungo cha kulegea wala msumari wa kuchomoza, na miguu mitatu haitikisiki hata sakafu ikiwa na mabonde. Aliyesema jifya moja haliinjiki chungu aliijua hesabu hiyo. Cha fundi wa mbao, cha mninga au mkongo, nacho kinafaa. Kikalie kwanza dukani, ujitikise, usikilize kama viungo vinalia.

Cha kisasa nacho kina mahali pake. Kile kirefu cha kaunta, ambacho mtu hukipanda miguu ikaning'inia, kiitwe stuli kwa amani. Kukiita kigoda kungekuwa kulilazimisha neno libebe kisicho chake, kwa kuwa kigoda ni cha chini. Sina ugomvi na neno stuli. Lugha iliyopokea meza, shati na baiskeli haitavunjwa na stuli. Ugomvi wangu ni na uvivu wa kutumia neno moja kwa vitu viwili, hali tulikuwa na majina mawili.

Najua wapo watakaojibu kwamba lugha hukua, na maneno hufa kama watu wafavyo. Ni kweli. Lakini mshairi anayeweka kigoda katika ubeti ili tu apate kina cha da, hali nyumbani kwake wanasema stuli, anaweka maiti ya neno ndani ya wimbo. Msomaji huisikia baridi yake. Neno lenye uhai huja na uzito wa mti, na moshi, na goti lililokunjwa.

Kwa hiyo, ndugu mtunzi, unapopanga sebule yako usikiweke kigoda juu ya kabati kikavumbike. Kiweke chini, mtu akikalie, na mtoto atumwe: "Niletee kile kigoda." Nami naliacha neno langu katika ubeti huu:

Kigoda kiwe jikoni, kisiwe pambo la muda,
Kikaliwe na mgeni, na mtoto iwe ada,
Jina lidumu kinywani, lisitamkwe kwa shida,
Kikitoka majumbani, hutoka neno kigoda.