Ekuador: Chura wa kioo mbele ya machimbo ya shaba

Katika milima ya Andes, magharibi mwa inchi ya Ekuador, kuna vyura wadogo wanaoishi juu ya miti kandokando ya vijito. Ngozi ya tumbo lao inapenyeza mwanga, ndiyo maana wanaitwa vyura wa kioo. Mwaka wa 2019 watafiti walitangaza aina mpya, Nymphargus manduriacu, iliyopatikana katika hifadhi ya Río Manduriacu, jimbo la Imbabura. Palepale walionya kwamba madini yanatishia makao yake.

Tatizo ni shaba iliyo chini ya milima hiyo. Vyura wa kioo wanataga mayai juu ya majani yanayoinamia maji. Watoto wakitoka, wanaanguka katika kijito na kukulia humo. Miti ikikatwa, mayai hayana pa kukaa. Maji yakichafuka, watoto wanakufa.

Ekuador ina silaha ambayo inchi nyingi hazina: katiba ya mwaka wa 2008 inatambua haki za mazingira yenyewe. Mwaka wa 2021, Korti ya Katiba ilitumia haki hizo kuzuia machimbo katika msitu wa Los Cedros, katika jimbo hilohilo. Machi 2023, tribinali ya Imbabura ilifuta vibali vya mazingira vya mradi wa Llurimagua, bonde la Intag, wa kampuni ya serikali Enami pamoja na Codelco ya Chile. Vyura walio karibu kutoweka walitajwa katika kesi hiyo. Lakini kulikuwa pia na jambo lingine: wakaaji hawakuulizwa maoni yao jinsi sheria inavyotaka.

Kwa hiyo si chura peke yake aliyeshinda. Wanainchi wa Intag wanapinga machimbo tangu miaka ya 1990. Sheria ilikuja baadaye, watafiti wakaleta ushahidi. Hata hivyo, kila hukumu inalinda msitu mmoja tu, na dunia inazidi kutafuta shaba kwa ajili ya nyaya na magari ya umeme.

Kwetu Kongo, shaba inatoka Lualaba na Haut-Katanga, na sheria ya madini inadai uchunguzi wa mazingira kabla ya kuchimba. Somo la Imbabura ni hili: uchunguzi usiohesabu viumbe vya mtoni wala kusikiliza wanaokunywa maji yake unabaki karatasi tu, mpaka wanainchi waupeleke mbele ya juji.